Jino limeacha kuuma lenyewe? Soma hapa kwanza (uzi kuhusu jipu la ubongo)

Kisu Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye uzi mmoja wa maumivu ya meno nimeona mtu anashauriwa ameze dawa za maumivu na kuvumilia, "jino litachoka lenyewe". Wengi wakaunga mkono. Mimi nipo wodi ya upasuaji wa ubongo, na nasema hivi: ni kweli jino huchoka. Shida ni kinachoendelea baada ya hapo.

Katikati ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kuoza kukifika pale ndipo mtu anakesha ameshika shavu. Kiini kikishakufa, mshipa wa fahamu nao umekufa, maumivu yanakatika ghafla na mgonjwa anafuta miadi ya daktari wa meno. Bakteria lakini hawajaondoka. Wamepata chumba chenye joto, kisicho na oksijeni, ambacho damu haipiti tena. Damu isipopita, kinga ya mwili haifiki, na vidonge ulivyomeza havifiki. Wanashuka taratibu mpaka ncha ya mzizi, wanatafuna mfupa na usaha unajikusanya. Hali hiyo inaweza kukaa miezi, hata miaka, mtu anatafunia upande wa pili na maisha yanaendelea.

Toka hapo mpaka kwenye ubongo si mbali kama unavyodhani. Magego ya juu mizizi yake inakaribiana sana na sainasi ya shavuni (sainasi ni uwazi wenye hewa ndani ya mifupa ya uso), kwa baadhi ya watu kilichopo katikati ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Usaha ukiingia humo, sainasi nyingine za jirani zinaweza kushika moto pia, ikiwemo ya kwenye paji la uso, na hiyo ukuta wake wa nyuma ndio unaopakana na utando wa ubongo. Njia ya pili ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Nyingi za usoni na kichwani zina vali chache au hazina kabisa vali za kuzuia damu kurudi nyuma, kwa hiyo maambukizi ya taya au pua yanaweza kusafiri kinyumenyume kuingia ndani ya fuvu bila kutoboa mfupa wowote. Ya tatu ni damu ya mwili mzima, bakteria wanazunguka kupitia moyoni na kutua popote.

Ndio maana eneo la jipu linatuambia lilikotoka. Likiwa kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, tunaangalia sainasi na meno. Likiwa pembeni juu ya sikio, au kwenye ubongo wa nyuma, tunauliza habari za sikio linalotoa usaha. Yakiwa mengi yametawanyika, tunageukia moyo na mapafu.

Sasa dalili, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Vitabu vinataja utatu: kichwa kuuma, homa, na udhaifu wa sehemu fulani ya mwili. Wagonjwa wanaokuja na yote matatu kwa pamoja ni kama mmoja kati ya watano. Homa yenyewe wanayo takriban nusu tu. Kwa hiyo kauli ya "hana homa, haiwezi kuwa maambukizi" ifutwe kabisa kwenye kichwa chako. Kichwa kuuma ndiyo dalili inayoongoza, na kinauma kwa namna ya kuongezeka siku hadi siku, hakisikii dawa. Wengine wanaanza na kifafa ukubwani bila historia yoyote. Wengine wanabadilika tabia: mtu mchangamfu anakuwa mzito, anajibu kwa kuchelewa, anasahau alichotumwa. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiguswa ndivyo inavyofanya, na ndugu wanadhani amegombana na mtu.

Kabla hamjakimbilia kioo kuangalia meno: ugonjwa huu ni nadra. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kati ya 0.3 na 1.3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Maswali karibuni.

Mpiga Soga

Mkuu umeandika vizuri ila naona kama unatutisha. Nusu ya watu ninaowafahamu wana jino bovu, na wote wanadunda. Kama njia ni fupi hivyo mbona hatufi?

Kisu Butu

Kwa sababu mwili unajua kazi yake. Usaha wa jino mara nyingi unatafuta njia rahisi, unatokea kwenye fizi, unavuja mdomoni na mambo yanaishia hapo. Ubongo wenyewe una ulinzi wa nguvu. Wanaokuwa kwenye hatari zaidi ni wenye kinga dhaifu, wenye kisukari kisichodhibitiwa, na wenye moyo uliozaliwa na kasoro inayofanya damu ipite pembeni bila kuchujwa na mapafu. Lakini ningekudanganya nikisema wengine wako salama. Tunaowapokea wakitokea njia ya sainasi, wengi ni vijana wenye afya zao, hasa wa kiume.

Kovu Kichwani

Dokta asante kwa uzi. Mimi ni mmoja wao, nimekuwa msomaji wa kimya humu lakini hapa acha niseme.

Gego la juu kulia liliniuma, likaacha. Muda mrefu ukapita. Kikaja kichwa, upande huohuo wa kulia, kizito asubuhi, nikiinama nahisi kinataka kupasuka. Kituo cha kwanza nilichoenda niliambiwa ni msongo wa mawazo, nikapewa dawa za usingizi. Kituo cha pili wakasema kipandauso. Hakuna aliyenifungua mdomo.

Kilichoniokoa ni vifungo vya shati. Asubuhi moja nimesimama kando ya kitanda nafunga shati, mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unashika kifungo halafu kinaponyoka. Nashika tena, kinaponyoka. Nikawa nakiangalia kile kifungo bila kuelewa. Mke wangu akatokea mlangoni, akanitazama usoni akasema, "Baba, cheka kidogo." Nikacheka. Akaenda kuchukua funguo za gari bila kuniambia chochote.

Kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kikaonyesha duara lenye ukingo mweupe upande wa kulia, pembeni yake ubongo umevimba. Usiku huohuo nikaingia chumba cha upasuaji.

Mama wa Watatu

Pole sana kaka. Mungu amekutendea.

Kisu Butu

Pole sana ndugu. Na hongera kwa mama watoto, macho yake ni makali kuliko ya vituo viwili.

Kwa wasiojua, lile duara analolisema sisi tunaliita "pete", na ndiyo picha yenyewe ya jipu. Siku tatu za mwanzo ubongo unakuwa umeumuka tu, hakuna usaha wa kushikika. Kuelekea siku ya tisa katikati kunaanza kufa na kuyeyuka. Kuanzia kama siku ya kumi mwili unajenga ukuta kulizunguka, na ikifika wiki ya pili ukuta umekomaa. Dawa ya kung'arisha picha inashika kwenye ukuta huo ndiyo maana unaonekana mweupe. Wembamba wa ukuta huwa upo zaidi upande wa ndani, ule unaotazama vyumba vya maji ya ubongo. Jipu likipasukia huko ni balaa, kichwa kinapasuka ghafla, shingo inakakamaa, fahamu zinashuka, na wengi hatuwapati tena.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne

Shikamoo dokta. Maswali mawili. Pete kama hiyo inaweza kuwa uvimbe wa saratani, tunatofautishaje? Na kwa nini tusitoe tu maji ya uti wa mgongo tukapima bakteria?

Kisu Butu

Marahaba. Swali la pili kwanza maana linaua. Jipu linaongeza shinikizo ndani ya fuvu. Ukitoboa mgongoni ukatoa maji, unashusha shinikizo chini wakati juu bado limebana, ubongo unaweza kusukumwa kuelekea tundu la chini ya fuvu na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Na hata ukifanikiwa, maji hayo mara nyingi hayaoti chochote kwa sababu bakteria wamefungiwa ndani ya jipu. Mgonjwa ana dalili za upande mmoja, kifafa kipya au fahamu zimeshuka? Picha kwanza. Chukua damu ya kuotesha bakteria maabara, ingawa nayo mara nyingi hurudi bure.

La kwanza: MRI, kipimo kingine cha picha. Kuna aina ya picha inayopima jinsi chembe za maji zinavyojongea. Usaha ni mzito, maji yamekwama, katikati ya pete panang'aa. Uvimbe wa saratani uliooza katikati kwa kawaida haung'ai hivyo. Si asilimia mia, na usisahau kwamba kifua kikuu na toksoplasma (maambukizi ya kimelea) kwa mwenye kinga iliyoshuka navyo huleta pete. Mwisho wa ubishi ni sindano. Ukivuta, unajua.

Na ukivuta usaha uliotoka kwenye jino, maabara wanakuwa wa mwisho kukuambia. Unaingiza sindano kupitia tundu dogo la fuvu, bomba linajaa kitu kizito cha njano kinachoelekea kijani, na kabla hujaligusisha meza harufu imeshafika mlangoni. Mtu wa dawa za usingizi anageuza uso. Ile ni harufu ya bakteria wasiopenda oksijeni, akina Fusobacterium, Prevotella na Parvimonas, ambao makazi yao ni chini ya fizi. Anayeongozana nao kila mara ni Streptococcus intermedius na ndugu zake, hawa ni mafundi wa kutengeneza majipu popote wanapotua.

Nikuongezee kitu cha historia kwa vile uko shule. Mwaka 1876, huko Glasgow, daktari mpasuaji William Macewen alitambua jipu kwenye sehemu ya mbele ya ubongo wa kijana kwa kuangalia dalili tu, hakuna kipimo cha picha ya ndani ya mwili cha aina yoyote duniani wakati huo. Akaomba kupasua, akakataliwa. Kijana alipofariki wakafungua, jipu likakutwa palepale alipopataja. Kitabu chake cha 1893 kina wagonjwa 19 wa jipu la ubongo aliowapasua, 18 wakapona. Antibiotiki hazijazaliwa! Mimi nina CT, MRI na dawa za kila rangi na bado namuonea wivu.

Tabibu wa Kinywa

Nimeitwa na wadau nije huku. Mimi ni daktari wa meno.

Dokta Kisu, naomba nikupinge kidogo. Ninyi wa ubongo mkikosa chanzo mnamtupia jino. Mgonjwa ana jipu, mmepima moyo, mapafu na masikio, hamkuona kitu, mkiangalia mdomoni mnakuta jino bovu, kesi imefungwa. Lakini bakteria hao uliowataja wamo kinywani mwa kila mtu, mwenye meno mabovu na mwenye meno safi. Tena kutafuna na kupiga mswaki tu kunaweza kuwaingiza kwenye damu kwa muda mfupi. Kumkuta bakteria wa mdomoni kwenye jipu hakutoshi kumtia hatiani jino fulani.

Kisu Butu

Pointi nzuri, sina ubishi mkubwa. Uthibitisho kamili ni mgumu. Mimi nalihukumu jino nikiona mambo yanashikana: lipo upande huohuo, picha ya taya ina shimo kwenye ncha ya mzizi, sainasi ya upande huo imejaa, na usaha umeotesha jamii hiyo. Yakikosekana hayo nakubali kuandika "chanzo hakijulikani". Lakini hata nikiwa na shaka bado nitakuletea umng'oe, kwa sababu sitaki kumfungulia mtu fuvu mara ya pili.

Tabibu wa Kinywa

Hapo tupo pamoja. Basi na mimi niseme ya upande wangu, maana watu wanatuletea jino likiwa limeshamaliza kazi.

Antibiotiki peke yake haiponyi jino lililokufa. Inapunguza uvimbe, unajisikia vizuri, na chanzo kimebaki palepale kwa sababu ile aliyoieleza dokta, hakuna damu ndani. Ni lazima jino lifunguliwe na kusafishwa mzizi, au ling'olewe. Mtu anayemeza dozi ileile kila jino linapovimba anajinunulia muda tu.

Kipele kinachotokea kwenye fizi, kinapasuka, kinatoa maji ya chumvichumvi, kinapotea, kinarudi: hicho ni mfereji wa usaha kutoka kwenye mzizi. Hakiumi ndiyo maana kinadharauliwa. Na pua inayotoa uchafu tundu moja tu, upande mmoja, unanuka vibaya mpaka wewe mwenyewe unausikia, hiyo isihesabiwe kuwa mafua. Mafua na aleji havichagui tundu. Nakutana na watu wametibiwa sainasi miaka, dawa za kupuliza na za kumeza, hakuna aliyepiga picha ya meno ya juu.

Halafu tusisahau kinachoua haraka zaidi kuliko huko juu. Magego ya chini yakipeleka usaha chini ya ulimi, sakafu ya mdomo inavimba na kuwa ngumu, ulimi unanyanyuka, mtu hawezi kumeza mate, anaongea kama ana kitu mdomoni, mdomo haufunguki. Huyo anaweza kuzibwa pumzi ndani ya saa chache. Asingoje kuche.

Bibi Fizi

Dokta wa meno, sisi tuliambiwa jino lililovimba haling'olewi, ukiling'oa sumu inapanda kichwani. Hapa nyumbani tunangoja uvimbe ushuke kwanza. Kumbe?

Tabibu wa Kinywa

Mama yangu, hiyo imewachelewesha wengi. Uvimbe peke yake si sababu ya kuacha kung'oa. Kinachoweza kutuchelewesha ni ganzi kutoshika vizuri penye usaha, au mdomo kutofunguka, au mgonjwa kuwa na hali inayotaka maandalizi, kwa mfano aliyewekewa vali ya moyo anapewa antibiotiki kabla. Ila kuondoa chanzo na kutoa usaha ndiyo tiba. Sumu inapata nafasi ya kupanda wakati mnangoja.

Mama wa Watatu

Samahanini kuingilia. Dokta Kisu, mwanangu wa kiume ana miaka 14. Ana mafua makali kama wiki mbili, pua imeziba, amepewa vidonge amemaliza. Jana paji la uso limevimba katikati juu ya nyusi, nikibonyeza ni laini, linabonyea. Kichwa kinamuuma, leo ametapika. Nadhani kaumwa na mdudu ila huu uzi umenipa wasiwasi.

Kisu Butu

Mama, usisubiri jibu lingine humu. Mpeleke hospitali yenye CT sasa hivi, usiku huu. Waambie maneno haya: sainasi wiki mbili, paji limevimba laini, anatapika. Akisinzia kupita kawaida au mkono ukimchezacheza wenyewe, waambie mlangoni kabisa. Asile kitu njiani, huenda akahitaji nusu kaputi.

Mpiga Soga

Dokta huo uvimbe ni nini? Mimi pia ningesema mdudu.

Kisu Butu

Ni usaha wa sainasi ya paji uliotoboa mfupa kuja mbele, chini ya ngozi. Mpasuaji Mwingereza Percivall Pott aliueleza karne ya 18 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Unawapata zaidi vijana wa balehe, kwa sababu sainasi ya paji ndiyo kwanza inakua kipindi hicho na mishipa yake ina damu nyingi. Mfupa ukishaoza kuja mbele, huwezi kujua bila picha kama haujaoza kwenda nyuma pia. Nyuma unaweza kukuta usaha juu ya utando wa ubongo, au chini yake. Ule wa chini ya utando ni wa kukimbizana nao saa kwa saa.

Kovu Kichwani

Tuombe mtoto awe salama. Wakati tunasubiri nimalizie upande wangu maana wengi wamenitumia ujumbe.

Upasuaji wenyewe haukunitisha kama nilivyodhani, tundu dogo wakavuta usaha. Kazi ipo kwenye dawa. Antibiotiki mbili, seftriaksoni na metronidazoli, kwa mshipa, zaidi ya mwezi, wakaniwekea mrija mrefu mkononi kwa sababu vena zilikuwa zimeisha. Jino likang'olewa nikiwa bado nimelazwa. Kuelekea mwisho nyayo zikaanza ganzi na kuchomachoma, nikanyamaza nikidhani ni kulala sana. Nesi mmoja ndiye aliyeuliza.

Kisu Butu

Nesi huyo apewe maua yake. Metronidazoli inapenya kwenye ubongo vizuri mno na inawamaliza wale wasiopenda oksijeni, lakini ikitumika muda mrefu inaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu, na mara chache ubongo wa nyuma, mtu anayumba na kuongea kilevi. Ukiwahi kuiacha mara nyingi hali inarudi. Kwa hiyo mgonjwa wa dawa hii akisema miguu inawaka, asipuuzwe.

Muda wa kawaida wa dawa za mshipa ni wiki 6 hadi 8. Jipu dogo, hasa lisilozidi sentimita 2.5, linaweza kutibiwa kwa dawa pekee chini ya uangalizi wa picha. Kubwa zaidi tunavuta. Deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, tunatoa pale uvimbe wa ubongo unapotishia maisha, hatumpi kila mtu. Miaka ya zamani kabla ya CT walikuwa wanafariki kama 40 kati ya 100, sasa ni karibu 10, na wanaopona kabisa wamefika kama 70.

Mama wa Watatu

Nimerudi. Tumefika usiku uleule. Wamepiga picha, kuna usaha chini ya ngozi ya paji na kidogo nyuma ya mfupa, wamesema juu ya utando, haujaingia kwenye ubongo. Amepasuliwa alfajiri, daktari wa pua na wa ubongo wote walikuwepo. Ameamka ameomba simu yake. Mwandishi wa uzi sijui nikwambie nini.

Kisu Butu

Alhamdulillahi. Kuomba simu ni dalili nzuri kuliko kipimo chochote. Mama, dozi yake itakuwa ndefu kwa sababu mfupa umehusika, wakikwambia wiki kadhaa usishangae na usikubali kuikatisha kwa sababu anacheza.

Mpiga Soga

Nimefuta maneno yangu ya kwanza. Nina gego la juu liliacha kuuma mwaka jana. Kichwa hakiumi wala nini. Nianzie wapi?

Tabibu wa Kinywa

Huhitaji CT ya kichwa. Njoo kwa daktari wa meno upigwe picha ndogo ya jino hilo, moja tu, inayoonyesha mzizi mpaka mwisho. Nitaligonga, nitaligusisha kitu cha baridi. Lisiposikia baridi wakati mengine yanasikia, limekufa. Hapo tunaamua, kusafisha mzizi au kung'oa.

Kovu Kichwani

Dokta Kisu swali la mwisho. Picha yangu ya mwisho wamesema pete ndogo bado inaonekana, na dawa nimeshamaliza. Nirudi kwenye sindano? Na dawa za kifafa nilizopewa naziacha lini, sijawahi kuanguka.

Kisu Butu

Pete kubaki ni kawaida, inaweza kuonekana miezi baada ya usaha kuisha. Tunachotazama ni kama inanywea au inakua, na wewe unajisikiaje. Kama inanywea na hauna dalili, hakuna sindano. Za kifafa usiziache mwenyewe hata kama hujaanguka, kovu kwenye ubongo linaweza kuwasha kifafa muda mrefu baadaye. Nenda na picha zote mbili, ya zamani na mpya, anayekutibu aziweke pamoja ndipo apange kupunguza kidogokidogo. Na kuendesha gari muulize siku hiyohiyo.